Bila Reli

Miaka ishirini na miwili naendesha tramu Ostrava
na sijawahi kukata kona hata moja.
Reli ndiyo hukata.
Mimi huongeza mwendo, hupunguza, hukanyaga kengele.

Kwa hiyo Ijumaa ile, kwenye ukumbi wa shule,
nilipoona vigari vyenye ukubwa wa mkate
vikiteleza juu ya zulia la kijivu,
kila kimoja kikichagua njia yake
na kujuta kivyake,
nikasema: na mimi.

Na mimi, kwa koruna elfu nne
zilizolala ndani ya kopo la mbegu za popi
zikisubiri mashine ya kufulia ikate roho.

Dukani kijana alinishushia boksi lenye picha ya moto.
“Kilomita sitini kwa saa, mama, na taa zinawaka.”
Nikamuuliza: mkono wa mbele ukivunjika, naupata wapi?
Akatazama dari
kama vile mikono huning’inizwa huko.

Rahisi huvunja upishi. Nikamrudishia boksi lake.

Bořivoj, fundi bomba, hutembea na skrubu mfukoni
kama wengine wanavyotembea na karanga.
Alinikalisha kwenye benchi la mazoezi:
“Zdislava, usinunue mwendo.
Hapa mota ni moja kwa wote, imezibwa kwa rangi nyekundu;
anayeifungua anarudi kwao.
Nunua gari walilonalo wenzako.
Siku likikatika utaomba,
na ni vizuri unayemwomba awe na cha kukupa.”

Nikapiga hesabu nyuma ya ratiba ya zamu:
jipya, la kuunga mwenyewe, elfu tatu na mia tano.
Betri mbali. Chaja mbali.
Na tairi, zile nne nyeusi zinazong’aa kwenye picha,
zimo kwenye picha tu.

Alikuwapo Matouš, miaka kumi na mmoja,
bingwa wa ukumbi, anayehamia daraja la juu.
Lake aliliuza elfu mbili na mia tatu
na hakuficha kitu:
“Linavuta kushoto. Nililigonga ukutani mwezi wa pili,
babu akalinyoosha kwa maji ya moto.”
Akahesabu noti mara mbili,
akaligeuza gari tumbo juu, akanionyesha stika:
“Lakini huyu pengwini usimbandue.”

Sijambandua.

Iliyobaki ilikwenda kwenye chaja,
maana chaja mbovu, alisema Bořivoj,
haichomi betri peke yake, huchoma na pazia.
Kisha betri moja, tairi zilizotumika,
na bakuli la supu ya kabichi.

Mbio zangu za kwanza: magari sita, dakika tano.
Mlio, na wote wakatoweka.
Langu likavuta kushoto, nami nikalivuta kulia,
likaniamini kupita kiasi,
likaparamia bomba la pembeni.
Niliomba radhi kwa sauti. Mguu wangu
ulikuwa sakafuni ukitafuta kengele.

Mzunguko wa tisa: taka!
Mkono wa mbele, wa kulia.

Nikauliza tu, bila kumtaja mtu: nani anao?
Mikono minne ikazama mifukoni.
Yule niliyekuwa nimemgonga dakika moja nyuma,
mama mmoja mfamasia aitwaye Ludomila,
ndiye aliyefika kwanza, bisibisi ikiwa kati ya meno.

Nilimaliza wa sita. Wa tano
alikuwa ameshaanza kukunja nyaya zake.

Jumatatu, saa kumi na moja alfajiri, theluji nyembamba,
abiria watatu na mbwa mmoja mwenye tiketi.
Kwenye kona ya daraja la Svinov
kidole gumba changu kikasogea kulia,
kidogo tu, kurekebisha.

Tramu haikujua.
Ikaenda ilikopangiwa.
Nyumbani mashine ya kufulia bado inazunguka,
inapiga kelele, inavuta kushoto nayo,
na kopo ni tupu, limebaki na harufu ya popi.